Bega la Mkwe

Kura ya soko la Ihumbwi ilipigwa kwa miguu, mchana kweupe, juani. Anayekubali ushuru uongezwe asimame upande wa tangi la maji. Anayekataa asimame upande wa mabucha. Basi. Ndivyo soko lile la njia ya Msalato lilivyojiwekea tangu lilipoanza: ushuru haupandi mpaka wauzaji wenyewe waamue. Ni utaratibu mzuri sana, hasa ukiusikia umekaa kivulini.

Safari hii uongozi wa soko ulitaka kujenga paa. Sawa, nani asiyependa paa? Jua la Dodoma halina mjomba. Lakini ili paa lipatikane, kila anayeuza alipe elfu moja kwa siku badala ya mia tatu, mwenye bucha na mwenye beseni sawasawa. Mwenye duka la simu angeitoa hiyo elfu moja huku anapiga miayo. Loisi aliuza mlenda mkavu na karanga kwenye beseni, amekaa chini, na kuna siku faida yake yote ni hiyo elfu moja, kuna siku haifiki. Nyumbani mvua ilikata mapema, uwele ukakauka kabla ya kubeba, kwa hiyo unga wa nyumba nzima ulikuwa unatoka kwenye beseni lile. Ushuru ukipita, Loisi hana soko. Hapo hapakuwa na fumbo lolote.

Aliyeongoza wanaokataa alikuwa Geofrey, kijana wa bucha, mume wa Anitha, binti yake Loisi. Alizunguka soko zima akiwashawishi watu, sauti ikamkauka. Loisi naye aliwakusanya wenzake wa mabeseni, akawaapisha kwamba hakuna atakayekimbilia nyumbani siku ya kura. Mkwe na mama mkwe walipanga mambo yote hayo pamoja bila kusemezana hata neno moja. Anitha ndiye aliyekuwa akikimbia katikati: mama kasema hivi, Geofrey kasema vile.

Haukuwa ugomvi. Kwa Wagogo wa kule mtu hamzoei mama mkwe wake hovyo. Hamtazami usoni, hampi mkono, hali naye sahani moja, mpaka alete mbuzi wa kuondoa haya, mbuzi achinjwe, watu wale, ndipo midomo ifunguke. Mbuzi wa Geofrey alikuwa bado hajaliwa. Kwa nini hajaliwa, tutafika huko, na tukifika tutakasirika.

Siku ya kura alisimamia Thobias, katibu wa soko, kijana mwenye filimbi shingoni na kofia ya bure iliyotoka kwenye kampuni ya saruji. Uchaguzi uliopita watu walihesabiwa mstari huu, wakakimbia wakahesabiwa na ule. Thobias alikuwa ameapa kwamba mchezo huo hautarudiwa.

"Kila mtu ashike bega la mwenzake wa mbele!" alipaza sauti. "Mkono uwe juu ya bega! Nisipoona mkono, sihesabu mtu!"

Watu wakacheka, wakashikana. Wanawake wa mabeseni walichelewa kidogo kwa sababu hawakuwa na mtu wa kumwachia vitu, ikabidi wafunike kila kitu kwa kanga na kuweka mawe juu. Walikuwa sita, Loisi mbele. Walipofika upande wa mabucha, mtu wa mwisho kwenye mstari alikuwa amewapa mgongo, ana koti jeupe lenye madoa ya damu. Loisi hakuhitaji kuambiwa ni nani. Geofrey ndiye aliyewapanga watu wote, mmoja mmoja, kisha akajiweka mwenyewe mwishoni.

Loisi akasimama pale pale, mkono umening'inia.

"Dada, nenda," akasema Ruthu nyuma yake.

"Nenda wewe."

"Mimi? Mwe! Mimi si mdogo wako? Anitha si mwanangu? Huyu ni mkwe wangu kama alivyo wako."

Loisi akawageukia wengine. Wote wanne wakaanza kutazama chini. Siku ya harusi ya Anitha wanawake wale wote walisimama kama mama, walijifunga kanga sare, wakapokea kila mmoja doti yake. Wote walikuwa mama wakwe wa mtu yule mmoja.

"Kule mwisho!" Thobias akaita. "Mama Anitha, shika bega!"

"Mwanangu, naomba mtu mmoja aje asimame hapa katikati, halafu mimi..."

"Hakuna kuhama! Nimeshapiga filimbi. Anayetoka ametoka!"

Geofrey alisikia. Hakugeuka, maana hawezi kugeuka, lakini shingo yake ilikakamaa na jasho likamtiririka kwenye kola. Angeweza kutoka yeye. Angetoka yeye mmoja, wangeingia wao sita. Lakini alikuwa kiongozi wa kukataa, na kichwani mwake aliona kiongozi akitoka mstarini watu watasema kanunuliwa. Kwa hiyo akabaki, akishikilia bega la muuza nyanya aliye mbele yake kwa nguvu mpaka mwenzake akalalamika.

Thobias akaja akihesabu kwa kidole. Akafika kwa Geofrey, akawatazama wanawake sita waliosimama hatua chache nyuma, mikono kwenye kanga.

"Mnashika au hamshiki?"

Loisi aliinua mkono. Kweli aliuinua. Ukafika usawa wa kifua chake, ukagoma. Watu zaidi ya mia walikuwa wanamtazama, wengine watoto wa kuwazaa, na yeye ni mtu mzima anayesalimiwa kwa heshima kutoka Msalato mpaka Ihumbwi. Akaurudisha chini.

"Basi kaeni pembeni," akasema Thobias, akaandika.

Ushuru ulipita kwa kura tatu.

Yotham, mume wa Loisi, alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, anasuka kamba ya mkonge ambayo hakuna aliyemwagiza. Tangu uwele ukauke, mikono yake ilitafuta kazi yoyote. Mkewe aliingia, akatua beseni kwa kishindo, karanga zikaruka.

"Habari za huko?"

"Tumeshindwa."

"Mmeshindwaje? Si ulisema watu wapo?"

"Watu walikuwepo, Baba Anitha. Mimi ndiye sikuwepo. Nilikuwa nimesimama pale pale lakini sikuwepo." Akamweleza yote, bega na filimbi na Ruthu, na alipofika kwenye zile kura tatu sauti ikapanda juu mpaka kuku wakasogea.

Yotham alisuka kidogo, akaacha. "Lakini ulifanya vizuri. Ungemshika mkwe mbele za watu, ningeuweka wapi uso wangu?"

Hilo neno ndilo lililowasha moto.

"Uso wako!" Loisi akasema. "Nani alimfukuza mbuzi hapa? Sema! Nani alimfukuza?"

Sasa tumefika. Mwaka juzi Geofrey alileta mbuzi. Alimleta kwa bodaboda, amemkumbatia mapajani kutoka mnadani, beberu mmoja mweusi. Yotham alimzunguka yule beberu, akambonyeza mgongoni, akambonyeza mbavuni, kisha akasema mbele ya wageni: "Mtu anachinja nyama kila siku, nyama nzuri anawauzia wenye pesa wa Area D, sisi wakwe zake anatuletea mifupa?" Akamrudisha. Kijana wa watu akapanda tena bodaboda na mbuzi wake, kaaibika, na tangu siku hiyo suala la mbuzi halikuguswa tena. Geofrey alikuwa akisema ataleta aliyenona. Yotham alikuwa akisema anasubiri kwanza kijana amwombe radhi. Na baina yao hakuna aliyeona haraka, kwa sababu kutoongea na mama mkwe ni jambo rahisi sana siku za kawaida.

"Mbuzi alikuwa amekonda," Yotham akasema.

"Alikuwa amekonda! Alikuwa na miguu minne au hakuwa nayo? Alikuwa analia mee au alikuwa anabweka? Tungemla amekonda hivyo hivyo, leo ningeshika bega, leo ningekuwa na soko! Umekataa mbuzi, haya, kula uso wako sasa, tuone utashiba."

"Usinipigie kelele, Mama Anitha. Majirani wanasikia."

"Waache wasikie! Kesho watasikia njaa."

Yotham akainama kwenye kamba yake. Alijua mkewe ana haki, na kujua huko ndiko kulikomfanya anune mpaka siku ya pili. Wanaume wengi wakikosea huwa wanakasirika badala ya kusema samahani, na Yotham hakuwa tofauti.

Sokoni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kabla hajapanga mafungu yake, Loisi alisikia nyuma ya gunia: "Wale si ndio walikunja mikono? Wamehongwa hao." Muuza nyanya, yule yule aliyeshikwa bega na Geofrey, alipita na ndoo akasema bila kusimama, "Shikamoo Mama Anitha, paa litakuwa zuri eeh?" Watu wakacheka. Loisi aliitikia marahaba, maana shikamoo huwezi kuikataa hata ikitupwa usoni.

Ruthu alitaka kurusha maneno. Loisi akamzuia.

"Utawaambia nini? Kwamba tuliona haya? Wageni wengi hapa, mtu katoka Bukoba, mtu katoka Tanga. Watasema haya gani hiyo inayokula mtaji."

"Basi twende tukaeleze kwa wakubwa."

Wakaenda ofisi ya mtendaji. Waliwekwa kwenye benchi mpaka vivuli vikahama, watu waliokuja nyuma yao wakiingia na kutoka na mafaili. Mwisho wakapokelewa na dada mmoja anayeitwa Bupe, aliyehamia Dodoma kutoka Mbeya, mpole, mwenye miwani. Aliwakaribisha viti. Alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, ila mara moja tu alipouliza, "Wote sita ni mama wakwe wa mtu mmoja?" na hapo midomo ilimcheza.

"Wote," akasema Loisi.

"Mama zangu, nawaelewa. Hata kwetu kuna mambo ya mkwe. Lakini nitaandika nini hapa? Kuwa hamkuzuiwa na mtu, mlifika kwa wakati, mkatakiwa kushika bega, mkakataa?"

"Hatukukataa. Tulishindwa."

"Ndiyo mama. Kwenye taratibu, hayo ni yale yale."

"Si yale yale," Loisi akasema. Alitaka kueleza zaidi lakini maneno yaliyomjia yalikuwa ya Kigogo, na Kiswahili chake, alichouzia karanga tangu ujana, hakikumletea neno. Akabaki kurudia, "Si yale yale, mwanangu. Si yale yale." Bupe akamtazama kwa huruma, akafunga kalamu. Huruma ile ilimuuma Loisi kuliko kicheko cha sokoni.

Geofrey naye alikuwa hana usingizi. Anitha alimwambia kila kilichosemwa, na yeye, anayejua kubishana na wanunuzi wa maini kutwa nzima, hakuweza kwenda kumtetea mama mkwe wake wala kumuuliza, wala kumpa pole. Ningetoka mimi mmoja, alikuwa akimwambia mkewe. Sita wangeingia. Nilifikiria jina langu.

"Wewe na baba," Anitha akasema, "mmoja uso, mmoja jina. Mama yangu ndiye analipa."

Jumapili yake, watu wakitoka kanisani, Geofrey akafika kwa wakwe akiwa na mbuzi wawili. Hakuja kwa bodaboda. Alitembea nao kwa kamba, njia nzima, kila mtu aone. Walikuwa wamenona mpaka wanapumua kwa shida. Yotham akatoka nje, akawatazama. Mkono wake ulianza kwenda kwenye mgongo wa mbuzi, kama kawaida yake. Loisi akakohoa ndani ya nyumba.

Yotham akaurudisha mkono.

"Karibu baba," akasema. "Funga hapo. Na yule wa mwaka juzi," akameza mate, "yule hakuwa na shida sana."

Hiyo ndiyo radhi. Kwa Yotham, ilikuwa ndefu.

Mbuzi mmoja akachinjwa, mmoja akafungwa zizini. Ruthu na wale wanne waliitwa, wakala na wao, maana haya ilikuwa ya wote. Sahani ya nyama ikawekwa katikati. Geofrey akakata pande la ini, akalishika kwa mikono miwili, akampa Loisi, na kwa mara ya kwanza akamtazama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Kisha hakuna aliyejua aseme nini. Miaka minne wamepitia kwa Anitha, leo njia iko wazi na wote wawili hawana la kupitisha. Mwishowe Loisi akasema, "Una uso mdogo kuliko nilivyodhani," na watu wakaangua kicheko mpaka Yotham akapaliwa. Loisi alicheka nao. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na machozi hayakuwa ya kicheko peke yake. Aliumia. Ini lilikuwa tamu, na lilikuwa limechelewa.

"Mama," Geofrey akasema watu walipotulia, "ile meza yangu ni ndefu. Upande wa kushoto mimi naweka mizani tu. Lete beseni lako uweke pale. Meza moja, ushuru mmoja. Nitalipa mimi, kama ninavyolipa siku zote."

"Nitauza mlenda kwenye bucha?"

"Mtu akinunua nyama, mboga si hiyo hapo?"

Yotham alifungua mdomo aseme kitu kuhusu wakwe kukaa meza moja. Akaona macho ya mkewe, akatia nyama.

Ushuru mpya ulianza Jumatatu. Upepo wa Dodoma ulikuwa umeamka na vumbi lake, na paa lenyewe bado lilikuwa maneno. Pale walipokaa wanawake wa mabeseni palibaki mawe ya kubania kanga. Wawili walikuwa wamekwenda kutembeza mitaani, wengine hawakuonekana. Ruthu alikuwa pembeni ya barabara, nje ya soko, anachungulia kama askari wa jiji wanakuja.

Loisi alikaa nyuma ya meza ya bucha, kushoto kwa mizani. Watu walipita wakitazama. Mama mzima na mkwewe, meza moja! Wazee wawili waliokuja kununua utumbo waligeuza njia. Lakini mlenda ulitoka. Kila aliyebeba nyama aliuliza bei, na kufikia adhuhuri beseni lilikuwa limepungua kuliko siku yoyote ya mwezi ule. Loisi alianza kuhesabu kichwani unga, na mafuta ya taa, na labda sabuni. Akathubutu hata kuimba kidogo kwa ndani.

Thobias akaja na mashine yake ya risiti. Akaangalia nyama, akaangalia mlenda.

"Elfu mbili."

"Elfu moja," Geofrey akasema. "Meza moja."

"Ushuru si wa meza. Ni wa anayeuza. Mlipiga kura wenyewe."

"Huyu ni mama yangu. Ananisaidia."

"Anakusaidia kuuza karanga? Bucha lina karanga siku hizi?" Thobias akatabasamu kwa waliosimama karibu. "Geofrey, wewe ndiye ulikuwa unatusomea kanuni hapa. Leo umezisahau?"

Watu walianza kukusanyika. Muuza nyanya akaja na ndoo yake asikose kitu. Geofrey alibishana, akaeleza, akapandisha, akashusha. Thobias alitikisa kichwa tu. Mtoto wa mtu, kazi yake hiyo, na mwisho wa siku naye kuna mtu anamhesabia.

Loisi akasimama. Akapangusa mkono wake wa kulia kwenye kanga, mara ya kwanza, mara ya pili, kama anayetaka kushika kitabu. Kisha akapiga hatua, akaja nyuma ya mkwewe, akauweka ule mkono kwenye bega lake, mbele ya soko zima.

Kule barabarani Ruthu akaziba mdomo.

"Thobias mwanangu," Loisi akasema, "siku ile uliniambia nishike bega. Sikuweza. Leo naweza. Nimeshika. Nihesabu."

"Mama Anitha, kura zilishafungwa."

"Nimesikia. Nihesabu tu. Siku ile ulinipita kama jiwe. Nihesabu!"

Hakuna aliyecheka, hata wa nyanya. Thobias akamtazama mama yule, akatazama mkono, na kwa muda kidogo ilionekana kana kwamba ataondoka aende meza nyingine.

Kisha akanyoosha kidole kwa Geofrey.

"Mmoja," akasema. Akakisogeza kwa Loisi. "Wawili."

Akabonyeza, na mashine ikatoa risiti mbili.